Namba ya ubavuni mwa jenereta si nguvu utakayoipata Njombe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na wanaojiandaa kununua jenereta ya nyumbani kabla mvua za Novemba hazijaanza. Madukani Mwanjelwa, Makambako na Mafinga jenereta zimepangwa barazani, kila moja na namba kubwa ubavuni: kilowati 2.8, 3.5, 6.5. Mteja anauliza mambo mawili tu, bei gani na kama itavuta friji. Akishajibiwa, mashine inafungwa kwenye keria ya basi, inafika kijijini Kilolo au Ludewa, na jioni ya kwanza umeme ukikatika friji inanguruma mara moja na kunyamaza. Lawama anatupiwa muuzaji au fundi. Mara nyingi kosa lilifanyika pale dukani, kwa kuisoma ile namba kana kwamba nyumba iko pwani.

Ni kweli umeme wa taifa umeongezeka tangu Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lianze kuzalisha mwaka 2024. Ila umeme wa kijiji chetu haukatiki kwa sababu mitambo haina maji. Unakatika kwa sababu tawi la mkaratusi limelalia waya, nguzo imelegea kwenye udongo uliolowa, au radi imepiga transfoma, na gari la mafundi lina kilomita 60 za utelezi mbele yake. Anayetaka kuhifadhi maziwa au kuendesha mashine ya kutotoleshea vifaranga ana sababu nzuri ya kuwa na jenereta. Ainunue kwa hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya mwinuko. Injini ya petroli huchoma petroli kwa hewa, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hewa ni nyepesi. Vitabu vya watengenezaji husema injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, kwa hiyo karibu asilimia 20 imeondoka kabla hujawasha taa. Njombe, kwenye mita 1,900 na zaidi, ni asilimia 22 au zaidi. Vijiji vya Makete vilivyo juu ya mita 2,200 vinapoteza robo nzima. Kyela, chini kule ziwani kwenye mita 500, hasara ni asilimia 6 tu, ndiyo maana jenereta ya shemeji yako wa Kyela inavuta vitu ambavyo yako, ya aina ileile na ya duka lilelile, haivuti.

Hesabu ya pili ni ya kibandiko chenyewe. Namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa huwa ni ile ya juu kabisa, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa kwa sekunde chache ikistahimili mshtuko. Nguvu ya kudumu, ile inayotolewa mfululizo jioni nzima, imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye bati karibu na soketi, kwa neno "rated". Ya juu ni "max". Mashine inayotangazwa kuwa ya kilowati 2.8 mara nyingi ina 2.5 za kudumu. Ipeleke Njombe, zinabaki kama 1.95. Bati likiwa na namba moja tu bila kusema ni ya nini, ichukulie kuwa ni ile ya juu.

Sasa chukua nyumba ya kawaida. Taa nane za LED za wati 9 ni wati 72. Televisheni 80, king'amuzi 20, simu nne zikichajiwa 40, friji ikishatulia 150. Jumla ni wati 362, na mtu anajiuliza kilowati mbili ni za kazi gani. Ni za sekunde moja. Mota ya friji ikianza kuzunguka huvuta mara tano au sita ya kawaida yake, tuseme wati 900. Ongeza 212 za vitu vingine, upate 1,112. Gawanya kwa 0.78 ili kufidia mwinuko wa Njombe, upate karibu 1,430. Nyumba hiyo inatoshwa na jenereta ya kilowati 2, na haihitaji zaidi.

Tatizo linaanza na pampu ya maji. Pampu ya hospawa moja imeandikwa kilowati 0.75, lakini hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Kutoka kwenye waya inavuta kama 1,100, na ikianza huvuta mara tatu ya hapo, yaani 3,300. Jumlisha na zile 362 za nyumba, gawanya tena kwa 0.78, unafika 4,700. Kwa ajili ya pampu moja, nyumba iliyotoshwa na kilowati 2 sasa inadai mashine ya kilowati 5. Mashine hiyo ikiwashwa jioni kwa ajili ya taa na televisheni peke yake bado inakunywa karibu lita moja kwa saa, au zaidi, kwa sababu injini kubwa hula petroli kujizungusha yenyewe hata ikiwa haina mzigo. Ile ndogo, kwa mzigo huohuo, inakwenda kwa nusu lita hadi robo tatu. Kwa saa nne kila umeme unapokatika, tofauti hiyo inaingia mfukoni mwaka mzima.

Ushauri wangu kwa mwenye pampu ni huu: usinunue jenereta kwa ajili ya pampu. Nunua tangi la lita 1,000, liinue kwenye mnara wa mbao au matofali, lijaze umeme wa TANESCO unapokuwepo. Familia ya watu sita itakaa na maji hayo siku mbili tatu bila shida. Kama ni lazima pampu iendeshwe na jenereta, badili iwe ya nusu hospawa, inayovuta kama wati 600 na kuanza kwa 1,800, uizime friji wakati wa kupandisha maji. Mashine ya kilowati 3 za juu itaimudu, hata Njombe.

Na pasi, jagi la kuchemshia maji na hita ya kuogea visahau kabisa. Kila kimoja kinakula wati 1,000 hadi 2,000 au zaidi. Kazi hiyo iachie kuni, mkaa au gesi.

Hata hivyo lile jagi lina kazi moja nzuri: libebe siku ya kwenda dukani. Chagua la wati 2,000, weka maji lita moja na nusu, na mwombe fundi wako aje na mita ya kupimia volti. Jenereta yenye kilowati 2.5 za kudumu, ikiwa Mbeya, ina takriban kilowati 2 kamili, kwa hiyo jagi ni mtihani wa haki. Iwashe, iache ipate moto dakika tano, pima volti bila mzigo: ziwe 220 hadi 240, na mzunguko uwe kati ya hezi 50 na 52. Kisha bonyeza jagi. Injini itainamisha sauti, volti zitashuka kidogo, halafu ndani ya sekunde moja au mbili gavana, kifaa kinachosimamia mwendo wa injini, inafungua petroli na sauti inanyooka. Volti zikibaki juu ya 210 mpaka maji yachemke, dakika nne au tano, mashine ni nzuri. Zikiteremka hadi 180 na kukaa hapo, au injini ikapanda na kushuka kama mtu anayekohoa, iache. Muuzaji anayekataa mtihani huu amekwisha kukujibu.

Hapo hapo dukani linganisha uzito. Kuna mashine mbili zenye namba sawa ubavuni, moja ina kilo 45 na nyingine 37. Tofauti hiyo mara nyingi ni waya wa ndani. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Waya wa alumini hupata moto upesi, na ukiungua ni vigumu kuunga, mpaka fundi wa kusuka mota autoe wote na kuweka wa shaba, gharama inayokaribia nusu ya mashine mpya.

Aina tatu nyingine zinahitaji tahadhari. Ya kwanza ni za mtumba kutoka Japani: injini zake ni imara na hazina kelele, lakini Japani hutumia volti 100, na nyingi hazina namna ya kutoa 230. Kuinunulia transfoma ya kupandisha volti kunakula faida yote. Ya pili ni mashine za fezi tatu. Nyumba nyingi zina fezi moja, na jenereta ya fezi tatu ya kilowati 5 inagawa nguvu yake mara tatu, kwa hiyo soketi moja inakupa kama 1.7. Waachie wenye mashine za kusaga. Ya tatu ni vile vidogo vya petroli ya kuchanganya na oili, mililita 20 za oili kwa kila lita. Vinafaa taa na redio, friji haviwezi, na siku moja ya kusahau oili inatosha kuua pistoni.

Kwa nyumba isiyo na pampu mimi ningechagua jenereta ya inveta ya kilowati 2. Inapunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo, kwa hiyo inabana petroli, na umeme wake ni safi kwa televisheni na kompyuta. Ubaya wake ni bodi ya ndani: ikiungua, fundi wa kijijini hana la kufanya. Kama spea hazipatikani Mbeya au Iringa, chukua ile ya kawaida yenye AVR, kifaa kinachotuliza volti. Na ile sehemu ya volti 12 iliyoandikwa ni ya kuchaji betri isikudanganye, hutoa kama ampea 8. Betri ya sola ya ampea 100 itachukua zaidi ya saa 12. Tumia chaja ya kawaida kwenye soketi ya 230.

Dizeli? Kwa nyumba, hapana. Ni ya mwenye tangi la kupoozea maziwa au karakana ya mbao, anayeipa mzigo wa kutosha kwa saa nyingi. Dizeli inayoendeshwa kwa taa na televisheni haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi yenye mafuta yanajaa kwenye ekzosi.

Kuna ugonjwa mwingine wa mwinuko ambao mafundi wengi wanautibu vibaya. Kabureta imepimwa kiwandani kwa hewa nzito ya pwani. Huku juu hewa ni chache na petroli inaingia ileile, kwa hiyo mchanganyiko unazidi petroli. Dalili zake ni moshi mweusi, petroli kuisha haraka, na plagi kuwa nyeusi kwa masizi makavu. Ukiifungua plagi na kuipangusa kwa kidole, kidole kinatoka kama umeshika sufuria ya kuni. Dawa ni jeti kuu yenye tundu dogo zaidi, iliyotengenezwa kwa ajili ya miinuko, na mwuzaji anayejua kazi yake anaweza kuiagiza. Dawa isiyofaa, na ndiyo inayotumika sana, ni kutoa filta ya hewa ili injini "ipumue". Vumbi la barabara zetu kuanzia Julai hadi Oktoba litasaga ringi na silinda kwa msimu mmoja. Ukiweka jeti ndogo, kumbuka kurudisha ya zamani kabla ya kuipeleka mashine Kyela au bonde la Usangu, maana kule itakosa petroli na kuchemka kupita kiasi.

Suala la usalama nalisema kwa uzito wote. Usiku wa Juni Makete na Njombe watu wanafunga kila dirisha, na kwa kuogopa wezi na mvua jenereta inawekwa stoo, jikoni au kwenye korido. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa, ila jenereta huitoa kwa wingi zaidi kuliko jiko. Kufungua dirisha moja hakusaidii. Kichwa kikianza kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito vikija kwa watu wawili watatu nyumbani kwa wakati mmoja, toka nje wote, kisha hospitali. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha, ekzosi ikitazama mbali na nyumba. Jenga kibanda cha bati chenye kuta fupi, hewa ikipita pande zote, sakafu ya saruji iliyoinuliwa sentimita 15 juu ya ardhi. Kwa ajili ya wezi, zika pete ya nondo ndani ya ile saruji ikiwa mbichi, upitishe mnyororo kwenye fremu.

Sakafu hiyo iwe sawa kabisa. Milima ya Uporoto na Rungwe haina uwanja wa tambarare, na mashine nyingi zinawekwa kwenye mteremko. Injini ina kihisio kinachoizima oili ikipungua, na ikiinama, oili hukimbilia upande mmoja na kihisio kinadhani imeisha. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Watu hubadilisha plagi na koili, kumbe shida ni jiwe lililokosekana chini ya mguu mmoja.

Kuunganisha na nyumba ndiko kunakoniumiza moyo zaidi. Waya wenye plagi ncha zote mbili, ncha moja kwenye jenereta na nyingine kwenye soketi ya sebuleni, unatengenezwa kila kijiji. Umeme huo haubaki ndani. Unatoka kupitia mita ya LUKU, unafika kwenye transfoma ya kijiji, na transfoma inaufanyia kazi kinyumenyume: volti 230 zinapanda kuwa 11,000 au 33,000 kwenye waya ambao fundi aliyeko juu ya nguzo anaamini umezimwa. Ni mtoto wa mtu aliyekuja kukurudishia umeme. Na yeye akinusurika, umeme wa TANESCO ukirudi ghafla unakutana na wa jenereta, na mashine yako inaungua hapo hapo. Kuzima meni swichi kwa mkono si kinga, maana siku moja mtu atasahau, au mtoto ataiwasha.

Kinachotakiwa ni swichi ya kubadilishia, chenji ova, yenye nafasi tatu: TANESCO, sifuri, jenereta. Kwa nyumba ya fezi moja iwe ya nguzo mbili ("double pole"), yaani ikate waya wa moto na nyutro kwa pamoja, ya ampea 32 au 63, ikifungwa baada ya mita na kabla ya boksi la fyuzi. Kutoka jenereta vuta waya laini wenye nyuzi tatu, milimita za mraba 4 kwa mashine ya kilowati 5 na umbali usiozidi mita 25. Mashine ya kilowati 2 inatoshwa na 2.5. Pigilia fimbo ya ethi ya mita 1.2 mahali penye unyevu. Kwenye vilima vya mawe vya Iringa huenda zikahitajika mbili. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na ethi, kwa hiyo fundi aiunganishe pale kwenye jenereta, la sivyo kifaa cha kukata umeme mtu anaponaswa hakitafanya kazi. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ana haki ya kulipwa vizuri kwayo.

Matunzo si mengi. Jenereta mpya huja bila oili, na injini ya hospawa 6 au 7 inachukua kama lita 0.6. Tumia oili nyepesi ya daraja la 10W-30, kwa sababu oili nzito kwenye baridi ya Julai inafanya kamba ya kuwashia iwe kama imefungwa. Oili ya kwanza imwage baada ya saa 20, kisha kila saa 50 hadi 100. Filta ya sponji ioshe kwa sabuni, ikauke, idondoshee oili kidogo uiminye. Petroli iliyokaa miezi miwili mitatu kwenye kabureta inaganda kama gundi na kuziba jeti. Ndiyo sababu kubwa ya jenereta kugoma baada ya kiangazi, siku ileile inayohitajika. Kila mwezi iwashe dakika 20 ikiwa na mzigo, halafu funga koki ya petroli uiache ife yenyewe kabureta ikiwa tupu. Petroli isikae kwenye chupa za maji wala ndani ya nyumba, na usijaze tangi injini ikiwa ya moto.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakandarasi na mafundi wanaosuka nyaya kwenye nyumba mpya huku vijijini. Mnapofunga boksi la umeme, acheni nafasi ya sentimita 30 ukutani kati ya mita na boksi, na pitisheni bomba moja tupu la plastiki kutoka hapo hadi nje ya ukuta. Wakati plasta haijapigwa ni kazi ya dakika chache. Mwenye nyumba akinunua jenereta baada ya miaka miwili, swichi itafungwa bila kutoboa ukuta, na hatatafuta waya wa plagi mbili.

Fundi umeme,
Makambako, Njombe